Maisha ya nyota kwenye maonyesho ya shule: acheni duara, choreni njia panda

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, Singida. Wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu shule yetu ina maonyesho ya sayansi na wazazi wamealikwa. Kundi letu lina watu wanne na mada yetu ni mzunguko wa maisha ya nyota. Tumeshachora duara kwenye manila: wingu la gesi, nyota, jitu jekundu, mlipuko, shimo jeusi, halafu mshale unarudi kwenye wingu. Mwalimu wetu amesema mchoro ni mzuri ila hauelezi kitu. Projekta hatuna, na tumechanga shilingi elfu kumi na tano. Tufanyeje? Halafu kuna mwenzetu anasema Jua letu nalo litakuja kuwa shimo jeusi. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mwalimu wenu hakuwasifia tu akapita.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine yote. Jua halitakuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki. Halina tungamo la kutosha, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, na halitalipata. Ila mwenzenu asilaumiwe. Kalisoma jambo hilo kwenye duara lenu wenyewe: ukifuata mishale kama mlivyoichora, kila nyota inapitia mlipuko na kila nyota inaishia shimo jeusi. Nimekaa meza ya waamuzi kwenye maonyesho ya shule mara nyingi, na duara hilo nimelikuta karibu kila mwaka. Linaacha nje jambo kubwa kuliko yote, kwamba nyota huzaliwa na tungamo lake, na tungamo hilo ndilo linaloamua itang'aa kwa rangi gani, itaishi muda gani na itakufa vipi.

Kwa hiyo manila hiyo igeuzeni upande wa pili, mchore njia panda. Anzeni na njia moja: wingu la gesi na vumbi, nyota changa, nyota iliyokomaa. Hapo njia igawanyike. Nyota kama Jua, na nzito zaidi hadi mara 8 hivi ya tungamo lake, zinashika mkono mmoja: zinavimba kuwa jitu jekundu, zinapeperusha tabaka zao za nje taratibu, na kinachobaki ni kibete cheupe, kitu chenye ukubwa wa karibu na Dunia kinachopoa kwa mabilioni ya miaka. Nyota nzito zaidi ya hapo zinashika mkono wa pili: zinakuwa majitu makuu mekundu, zinalipuka kwa supanova, yaani mlipuko mkubwa wa kufa kwa nyota, na kiini kinachobaki kinakuwa nyota ya nyutroni, yaani mabaki madogo yaliyobanwa mno, au, kwa zile nzito kupita kiasi, shimo jeusi. Mshale wa kurudi kwenye wingu uachwe, lakini uchoreni kwa nukta, kutoka mikono yote miwili, kwa sababu kinachorudi ni ile gesi iliyotupwa nje tu. Kibete cheupe na shimo jeusi vinabaki vilipo.

Hiyo ni ramani. Sasa watu waelewe kwa nini nyota inazeeka, na hapo ndipo makundi mengi yanapokwama kwa sababu ya neno moja. Tunasema nyota "inaungua". Ukisema hivyo mbele ya mwamuzi makini, amekukamata. Moto wa kuni unahitaji oksijeni, na Jua lingekuwa rundo la makaa lingeisha ndani ya miaka elfu chache. Kinachofanyika kitovuni mwa Jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15 hivi, ni kwamba viini vinne vya atomi za hidrojeni vinaunganishwa kuwa kiini kimoja cha atomi ya heliamu. Huo ndio myeyungano wa nyuklia. Heliamu inayopatikana ina tungamo pungufu kidogo kuliko hidrojeni iliyoingia. Wekeni mezani noti ya shilingi 1,000, mseme: Jua likiingiza 1,000 linarudishiwa 993, na zile 7 zimegeuka kuwa nishati, ndiyo hiyo tunayoanikia mahindi. Kila sekunde zinaingia tani milioni 600 za hidrojeni, na tani milioni 4 hivi zinatoka kama nishati. Mzazi yeyote anayejua chenji atakuelewa.

Nishati hiyo ndiyo inayolizuia Jua lisijiangukie. Uvutano unabana kila kitu kuelekea ndani, na gesi yenye joto inasukuma kwenda nje. Onyesheni kwa miili yenu: wawili wasimame katikati mgongo kwa mgongo, wakinyoosha mikono mbele, na wawili wawasukume kutoka nje. Nguvu zikilingana, mnatulia. Wa katikati wakilegea hata kidogo, nyote mnabanana. Maisha yote ya nyota ni mvutano huo kati ya nje na ndani, na siku kuni za kitovuni zinapokwisha, wa nje wanashinda kwa muda. Kitovu kinanywea. Kikinywea kinapata joto zaidi, hidrojeni iliyokizunguka inaanza nayo kuungana kwa kasi kubwa, na tabaka za nje zinasukumwa mbali. Ndiyo maana nyota inavimba nje huku ikinywea ndani. Ngozi yake ikitanuka inapoa, inageuka nyekundu. Lirudieni hilo mara mbili mkieleza, kwa sababu halikubaliki kichwani mara ya kwanza.

Fedha yenu sasa. Msizimalize kwa kununua rangi. Nunueni uzi wa fundi mwashi, mkate mita 10, muufunge ukutani kutoka kona hadi kona. Kila mita ni miaka bilioni 1, na uzi mzima ni umri ambao nyota kama Jua huutumia ikiunganisha hidrojeni kwa utulivu. Kwenye mita 4.6 fungeni kitambaa chekundu: tupo hapa. Mita moja mbele yake fungeni cha buluu, kwa sababu Jua linaongeza mwanga kidogo kidogo, na baada ya miaka kama bilioni 1 bahari za Dunia hazitastahimili joto lake, hata kabla halijawa jitu jekundu. Historia yote ya binadamu wa aina yetu, miaka 300,000 hivi, ni theluthi ya milimita. Mwambieni mgeni aioneshe kwa kucha, hataweza.

Chini ya uzi huo bandikeni kipande kingine cha uzi chenye urefu wa sentimita 3. Huo ndio umri wa nyota yenye tungamo mara 10 ya Jua: miaka milioni 30 hivi. Watu watadhani mmekosea. Watauliza mbona yenye kuni nyingi ndiyo inayokufa mapema. Hapo mmewapata. Ina kuni mara kumi, lakini inazitumia kwa kasi ya mara elfu kadhaa, kwa sababu uvutano mkubwa unakibana kitovu chake mpaka kinapata joto kali zaidi. Ni kama mwenye magunia kumi ya mahindi anayelisha kata nzima, na jirani yake mwenye gunia moja anayekula peke yake. Na nyota jirani kabisa na Jua, Proxima Centauri, yenye tungamo kama sehemu ya nane tu ya Jua, uzi wake ungetoka nje ya geti la shule na kuzidi kilomita moja, kwa maana inakadiriwa kuishi miaka zaidi ya trilioni moja. Mimi ningekuwa nyinyi, uzi huu ndio ungekuwa kitu cha kwanza mgeni anachokutana nacho.

Ukubwa uonesheni nje, uwanjani. Gololi ya sentimita 1.5 iwe Jua. Jitu kuu jekundu Betelgeuse lina kipenyo cha kama mara 700 ya Jua, kwa hiyo chukueni kamba ya mita 5 na robo, mmoja ashike katikati, mwingine azunguke akimwaga chokaa. Duara la zaidi ya mita 10, na gololi katikati. Betelgeuse ingewekwa mahali pa Jua ingezimeza Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Kibete cheupe kwa kipimo hichohicho ni punje ya vumbi, na nyota ya nyutroni, yenye upana wa kilomita 20 hivi, haionekani kwa macho. Lakini hiyo isiyoonekana ina tungamo kuliko Jua zima.

Rangi ni rahisi. Nendeni kwa mhunzi anayefua visu na majembe, mkaangalie chuma kikitoka kwenye makaa. Kinaanza chekundu, mvukuto ukiendelea kinakuwa cha machungwa, kisha cha manjano kuelekea weupe. Nyota nazo hufuata mpangilio huohuo: nyekundu ndiyo ya joto la chini, kwenye nyuzi 3,000 na kitu, Jua ni kama 5,500, na nyeupe yenye ubuluu inapita 10,000. Piga picha au chora, lakini moto usiletwe ukumbini. Na mwambie mhunzi kazi ya mada yenu, kwa sababu chuma kina nafasi ya pekee katika habari hii, kama ifuatavyo.

Nyota nzito, baada ya hidrojeni, huunganisha heliamu kuwa kaboni, kaboni nayo kuwa vitu vizito zaidi, ikipanda ngazi. Kila ngazi inakwenda haraka kuliko iliyotangulia. Kwa nyota yenye tungamo mara 25 ya Jua, hidrojeni inachukua miaka milioni 7 hivi, kaboni miaka 600, oksijeni miezi 6, silikoni kama siku moja. Silikoni inaacha chuma. Na chuma hakitoi nishati kikiunganishwa, kinaila. Wale wawili wa katikati wameishiwa nguvu kabisa. Kitovu chenye tungamo kuliko Jua kinajiangukia kwa muda usiofika sekunde moja, kinagonga ukomo wa kubanwa, na nyota inapasuka.

Mgongano huo uonesheni kwa mipira miwili. Weka mpira wa tenisi juu ya mpira wa miguu uliojaa upepo vizuri, viachie pamoja kutoka usawa wa kifua. Mpira wa miguu utadunda kidogo tu, ila ule wa tenisi utaruka kupita kichwa chako, kwa sababu umepokea nguvu ya mkubwa aliyekuwa anarudi juu wakati wenyewe unashuka. Tabaka za nje za nyota hukutana hivyo na kiini kilichokwisha kugota. Fanyeni mazoezi, maana mpira wa juu ukikaa upande unaruka kwenye uso wa mgeni. Na mwamuzi akiuliza kama mdundo peke yake unatosha kuipasua nyota, jibuni kwamba hautoshi. Zinasaidia nyutrino, chembe ndogo mno zinazofurika kutoka kwenye kiini na kusukuma gesi kutoka ndani.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kingenifanya niwape alama zenu hata kabla sijaona meza. Mmebahatika na tarehe. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, saa mbili usiku, Singida, mvua ikikatika na anga kusafika, karibu kila hatua iliyo kwenye manila yenu ipo juu ya vichwa vyenu kwa wakati mmoja. Tokeni nje usiku usio na mwezi, mkae mbali na taa dakika 15 macho yazoee.

Tazameni juu kabisa, utosini. Mtaona nyota tatu zimepangana mstari: huo ni mkanda wa Jabari, kundinyota ambalo vitabu vyenu vya shule huliita Orion. Kidogo kusini mwa mkanda kuna nyota hafifu zilizoning'inia, na katikati yake moja inaonekana kama imefutwafutwa kwa kidole. Si nyota hiyo. Ni wingu la gesi lililo umbali wa miaka 1,300 ya nuru hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na ndani yake nyota zinazaliwa wakati huu. Kaskazini mwa mkanda kuna nyota yenye wekundu: Betelgeuse, mzee wa mkono wa pili wa njia panda yenu, ingawa ana miaka milioni 10 tu hivi, sawa na sentimita 1 ya uzi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ilififia mpaka watu wakadhani inalipuka. Vumbi ililolitoa yenyewe ndilo lililoiziba. Italipuka, pengine ndani ya miaka 100,000. Kusini mwa mkanda, upande wa pili, Rigel ya buluu: linganisheni rangi hizo mbili, mkumbuke makaa ya mhunzi.

Kusini-mashariki inang'aa Sirius, ambayo mabaharia wa pwani waliijua kwa jina la Kiarabu, Shira. Ni nyota angavu kuliko zote za usiku. Ubavuni mwake kuna kibete cheupe ambacho macho matupu hayakioni. Kilionwa kwa darubini mara ya kwanza mwaka 1862. Kina tungamo la karibu na Jua ndani ya umbo la ukubwa wa Dunia. Hiyo ndiyo hatima ya Jua letu, na iko umbali wa miaka 8.6 ya nuru tu.

Kaskazini-magharibi lipo shada dogo la nyota zilizosongamana. Hicho ni Kilimia, na jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkiwa na babu au bibi anayekijua, mwombeni aje aseme hayo mezani kwenu kwa mdomo wake. Kisayansi, Kilimia ni nyota vijana waliozaliwa pamoja miaka kama milioni 100 iliyopita, bado wana rangi ya ubuluu.

Halafu geukeni kusini. Nyota angavu ile ni Suheli. Chini yake, kama upeo wenu hauna taa, mtaona kiwingu chepesi cheupe kisichosogea. Ni galaksi ndogo jirani, yaani kusanyiko kubwa la nyota, iitwayo Wingu Kubwa la Magellan. Mwezi Februari 1987, majira kama haya, mlipuko wa nyota moja ndani yake ulionekana kwa macho matupu. Nyutrino zake zilinaswa Japani saa kadhaa kabla mlipuko haujaonekana, na hapo ikathibitika kwamba kiini huanguka kwanza, ndipo mwanga ufuate. Mgeni aliyezaliwa kabla ya mwaka huo alikuwepo duniani usiku ule. Muulizeni alikuwa wapi.

Choreni anga hilo kwenye manila nyeusi kwa chaki na gundi yenye unga, na kutoka kila nyota vuteni uzi hadi hatua yake kwenye njia panda. Hiyo ndiyo kazi yenu. Vingine vyote ni vya kuisindikiza.

Limebaki shimo jeusi, ambalo usiku huo hamtaliona, ila lina habari iliyotokea jirani hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji wake, Wamarekani walioitengeneza waliiita Uhuru. Satelaiti hiyo ilikuta kwamba eksirei za kitu kiitwacho Cygnus X-1 zinapanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika haraka hivyo; lazima kiwe kidogo. Wanaastronomia waliotazama mahali hapo wakakuta nyota kubwa ya buluu inazungukana na mwenzake asiyeonekana, mwenye tungamo ambalo leo linapimwa kuwa karibu mara 20 ya Jua. Ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali kwa ushahidi mzito, na satelaiti iliyowapeleka huko ilikuwa na jina la Kiswahili. Sijawahi kuliona hilo kwenye meza yoyote ya maonyesho. Andikeni neno UHURU kwa herufi kubwa kwenye ncha ya njia panda, na mmoja wenu aisimulie habari hiyo bila karatasi.

Mjiandae na swali moja gumu: nani aliishi miaka bilioni 10 akaiona nyota ikizeeka? Jibuni hivi. Mgeni akiingia kijijini kwenu siku moja tu, akaona mtoto mgongoni, kijana shambani na kikongwe kibarazani, hatahitaji kukaa miaka 80 ili ajue watu huzeeka. Kisha ongezeni ushahidi wenyewe: mashada kama Kilimia yana nyota za umri mmoja, kwa hiyo zikitofautiana, tofauti imetoka kwenye tungamo. Katika mashada machanga nyota nzito za buluu zipo. Katika mashada makongwe zote zimekwisha, yamebaki majitu mekundu na nyota nyepesi, vilevile kama uzi wenu wa sentimita 3 unavyotaka.

Najua darasani mnasoma kwa Kiingereza, na waamuzi huenda wakauliza kwa lugha hiyo. Jifunzeni majina yote mawili ya kila hatua. Lakini mzazi akisimama mezani, mwelezeni kwa Kiswahili, au kwa Kinyaturu kama ndicho anachokitumia nyumbani. Gaweni kazi: mmoja uzi, mmoja mipira na gololi, mmoja ramani ya anga, mmoja Uhuru na maswali. Yule aliyesema Jua litakuwa shimo jeusi mpeni njia panda aieleze yeye, maana anajua kosa linaanzia wapi. Na usiku wa kuamkia maonyesho mvua ikikatika, tokeni tena saa mbili mkaitafute Betelgeuse bila kutazama ramani.